Kitambaa Chini ya Kitanda

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya. Mniwie radhi, nitaongea nimekaa, gongo hili la kutembelea limenichosha leo.

Mnanijua. Ni mimi yule mliyekuwa mnamwachia benchi la mlangoni ili upepo upite. Msiinamishe vichwa, hata mimi nilikuwa najinusa.

Ndugu zangu, kilianza kidonda cha jembe juu ya kifundo cha mguu. Kinafunga, kinafunguka, miaka inakwenda. Mama watoto alipokuwa hai ndiye aliyeniosha. Alipofariki tukabaki wawili nyumbani, mimi na mkamwana wangu, maana mwanangu yuko Nyakanazi anaziba pancha za malori. Na mila zetu mnazijua: mkamwana hamgusi baba mkwe, wala haingii chumbani kwake. Ananiwekea chakula mlangoni, "Shikamoo baba," anaondoka.

Basi nikawa najifunga mwenyewe. Kitambaa kile kile, nakisuuza kwa maji baridi, nakianika chini ya kitanda asije akakiona kwenye kamba. Jua hakikuliona kabisa. Dukani nanunua vidonge vile vya rangi mbili, navipasua, unga wake nanyunyiza kidondani. Usaha ukageuka kijani. Nikasema kitapona tu. Ubishi wa mzee huo!

Asubuhi moja homa ikanilaza, hata kuinuka siwezi. Mkamwana akaniita toka mlangoni.

"Baba, una nini?"

"Niache. Mwite mume wako."

"Mpaka afike, baba, utakuwa umekufa."

Akaingia. Akashika kisu, akaichana suruali toka chini mpaka gotini. Nilimfukuza, nikamtukana, nikalia kwa aibu. Na yeye analia huku ananiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Akaita bodaboda, akakaa nyuma yangu amenishika kiunoni mpaka hospitali.

Daktari akasema vijidudu vimeshaingia kwenye mfupa na sasa vinaelekea kwenye damu. Ningekuja mapema, wangeutibu mguu. Wakaukata chini ya goti. Nawaambia ukweli, sijazoea. Kila nikiamka nautafuta. Migomba yangu naitazama nikiwa kibarazani, magugu yanaimaliza, na roho inaniuma.

Nawashukuru mliotoa damu, na wauguzi walionigeuza kitandani kama mtoto. Wewe unayeficha kidonda, kifunue leo kwa aliye karibu, kioshwe, kifungwe kwa kitambaa safi, uende hospitali. Usingoje harufu ikutangaze.

Lakini kuna jambo limenikaa kooni. Nasikia huko kisimani mnasema mkamwana wangu amemvua nguo baba mkwe. Ndiyo, amenivua! Angebaki pale mlangoni na heshima zake, mngekuwa mmeshanizika.

Mkamwana, mwanangu, naona leo wewe ndiye uliyeachiwa benchi la mlangoni. Inuka huko. Njoo ukae hapa, kando ya baba yako.