Risala ya Waliopata Mia na Themanini

Mgeni rasmi, Makamu Mkuu wa Chuo. Mkuu wa Kitivo chetu. Wahadhiri, mafundi, wazazi na wote mliokubali kukaa kwenye viti hivi visivyo na migongo: heshima zetu mzipokee.

Sisi wanafunzi wa mwaka wa kwanza, somo la Utangulizi wa Vifaa vya Elektroniki na Saketi, tunakukaribisha kuizindua maabara mpya. Tumeelekezwa kwamba risala isizidi kurasa mbili. Ili itoshe, tumeondoa ombi la feni, la projekta na la mtandao. Hayo yanaweza kusubiri.

HISTORIA FUPI

Tulianza wanafunzi thelathini na wawili katika chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Kulikuwa na meza nane na mita nane za kupimia umeme, na mbili kati ya mita hizo zilikuwa hazisomi mpaka zipigwe kofi. Tulisoma diodi tukazielewa kiasi, na wiki ya saba tukafika kwenye transista.

Kwa faida ya wazazi wetu: transista ni kidude chenye miguu mitatu. Ukipitisha mkondo mdogo wa umeme kwenye mguu wa kati, mkondo mkubwa zaidi unapita kwenye miguu ya pembeni. Zoezi la vitendo lilikuwa kupima mkondo huo mkubwa ni mara ngapi ya ule mdogo. Kila mtu alifanya peke yake, kwa zamu. Kitabu cha maelekezo kilikuwa na mfano uliokwishafanywa, na jibu la mfano huo lilikuwa mia na themanini.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, wanafunzi thelathini na mmoja kati ya thelathini na wawili walifaulu zoezi hilo. Majibu yetu yalikuwa kati ya mia na sabini na sita na mia na themanini na nne. Mwenzetu mmoja alipata mia na themanini nukta nne, ingawa mita ya meza yake haina nukta kabisa. Pembeni mwa ripoti yake mhadhiri aliandika, "Kazi safi."

Aliyebaki ni binti wa fundi redio. Yeye aliandika nne.

Siku ya kurudishiwa ripoti mhadhiri alimwita mbele. "Nne? Hii ni transista au kijiti cha meno?"

"Ndivyo mita ilivyosoma, mwalimu."

"Rudia."

Alirudia palepale, sisi tukiwa tumemzunguka. Alibadilisha transista mara tatu, akabadilisha na mita. Kisha akasema, "Nne na kidogo."

"Basi umerudia kosa," mhadhiri akasema, kisha akatugeukia. "Kuna mwingine aliyepata nne?"

Mmoja wetu alijifanya anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala. Mwingine akacheka, na tukashukuru kwamba kuna aliyecheka, kwa sababu sasa tulikuwa na la kufanya, tukacheka wote. Tangu siku hiyo jina lake likawa Nne. Lilimganda mpaka mpishi wa bwalo akawa anamwita hivyo.

Jioni hiyo baba yake alimpigia simu. Simu yake haisikiki mpaka iwekwe spika, kwa hiyo chumba kizima kilisikia.

"Mita ilisema ngapi, mwanangu?"

"Nne, baba."

"Sasa ulitaka uandike ngapi?"

"Wenzangu wote wamepata mia na themanini."

"Hao wenzio wana mita nzuri sana," baba akasema, kisha akamuuliza kama amekula. Wenzake wa chumbani, nao wa darasa letu, walijifunika shuka gubigubi, joto lote lile.

CHANGAMOTO

Ripoti ya Nne ilipewa sifuri kwa maelezo kwamba tarakimu zake ni za kubuni. Kwa kanuni za kitivo, anayeanguka vitendo ameanguka somo zima. Mwaka jana Nne aliugua akarudia mwaka, na kurudia mara ya pili hakuruhusiwi. Maana yake ataondoka chuoni. Alipewa siku kumi na nne za kukata rufaa. Alikata, akaulizwa ana shahidi gani, akatutaja sisi. Tuliitwa mmoja mmoja ofisini, na kila mmoja akaulizwa alipata ngapi. Kila mmoja akajibu kama alivyoandika. Rufaa ikatupwa.

Siku ya kumi na sita fundi wa maabara alikuwa anahamisha vifaa kuvileta katika jengo hili. Alisoma maandishi madogo nyuma ya paketi ya transista. Zilikuwa zimenunuliwa kwa mtengenezaji mwingine, na miguu yake ya pembeni ilikuwa imepangwa kinyume na mchoro wa kitabu chetu. Kila aliyefuata mchoro aliichomeka kinyumenyume. Fundi alichukua moja akaipima kwa kuigeuza, ikampa mia na tisini. Akaichomeka kama tulivyochomeka sisi, ikampa nne.

Alikuja darasani na ile paketi mkononi. Mzee yule kwa kawaida hana maneno mengi.

"Nyinyi thelathini na mmoja mlipata mia na themanini kwa transista iliyokaa kinyume," alisema. "Naomba mnifundishe uchawi huo kabla sijastaafu."

Hakuna aliyecheka. Tuliona aibu, Mgeni rasmi, na bado tunaona. Mita zetu zote zilisoma nne au karibu na hapo. Tulidhani tumekosea, tukaona haya kuonekana tumekosea, tukachungulia mfano wa kitabuni. Wengine walichungulia kwa jirani, ambaye naye alikuwa amechungulia kitabuni. Mhadhiri wetu hatumlaumu. Alikuwa na karatasi thelathini na moja zinazokubaliana, na moja inayozipinga.

Fundi wa maabara ameandika barua kueleza hayo. Ofisi imemjibu kwa adabu kwamba muda wa rufaa umepita, na kwamba jambo lililopitwa na muda hupokelewa na mwenyekiti wa Seneti ya chuo peke yake. Mwenyekiti wa Seneti ni wewe. Seneti inakaa Jumatatu.

MAOMBI

Nne amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Hajui tulichoandika humu. Tulipomfuata kumwambia tunataka kumtetea, alikuwa anakunja nguo zake, akatujibu bila kuinua macho, "Msiniombee. Mlikuwa na nafasi mbili za kusema."

Ni kweli, tulikuwa nazo. Kwa hiyo hatumwombei. Ombi letu ni moja, na linatuhusu sisi. Tunaomba ripoti zetu thelathini na moja zipelekwe Seneti zikiwa ushahidi, na zipewe alama ile inayostahili tarakimu za kubuni. Kanuni inayofuata baada ya hapo tunaijua. Tumeisoma wote kwa sauti kabla ya kutia sahihi, na wawili kati yetu ambao nao wanarudia mwaka walitia sahihi wa kwanza.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, akurudishe nyumbani salama, na Jumatatu akupe subira ya kuzipitia karatasi zetu zote.

Ni sisi wanafunzi wa Utangulizi wa Vifaa vya Elektroniki na Saketi, mwaka wa kwanza. Tumeambatisha majina yetu, namba za usajili, na mbele ya kila jina namba ambayo mwenyewe aliiona kwenye mita siku ile. Iliyo kubwa kuliko zote ni tano.