Shangazi Viatu, Mlezi wa Wanafunzi Kazini

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Ofisi ya Mafunzo kwa Vitendo inamuaga mratibu wake baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Kwenye barua za chuo anaitwa Mratibu Mwandamizi. Wanafunzi wanamwita Shangazi Viatu, kwa sababu kabati lililo nyuma ya mlango wake limejaa viatu vyeusi vya kila saizi, vimepigwa rangi vikang'aa, vya kumwazima yeyote anayetaka kwenda kwenye usaili na ndala.

Alianza kama karani wa kupokea simu. Enzi hizo kila mwanafunzi alijitafutia mahali pa kufanyia mafunzo: mwenye mjomba meneja alipata, asiye na mjomba alirudi soli zimelika. Shangazi hakulipenda jambo hilo. Akawa anatumia saa yake ya chakula kubisha hodi viwandani na maofisini, akiwaombea nafasi watoto wa watu. Mkuu wake alipomuuliza ametumwa na nani, alijibu, "Hakuna, bosi. Ila wamekubali kuchukua wanne." Alipandishwa cheo kabla mkuu hajamaliza kukasirika.

Kisa tunachokipenda zaidi ni cha kiwanda cha uchapaji. Binti mmoja kiziwi, mwanafunzi hodari wa uhandisi wa mitambo, alikuwa amekataliwa kila alikoomba. Bila mafunzo asingehitimu, na alishafungasha mizigo arudi kwao. Shangazi akambembeleza asubiri kidogo, kisha akaenda naye kiwandani pamoja na mkalimani wa lugha ya alama.

Meneja aliwapokea mashine zikinguruma, akaanza kueleza kwa kirefu kwa nini haiwezekani. Shangazi akatega sikio. "Bwana, sikusikii!" Meneja akapaza sauti, wapi! Pembeni, mafundi wawili walikuwa wakielewana kwa mikono tu: karatasi imekwama, leta wino. Binti akawatazama, akacheka, akamweleza mkalimani jambo. Mkalimani akamsogelea meneja mpaka sikioni: "Anasema hawa wanaongea lugha yake, ila lafudhi yao mbaya."

Meneja alicheka mpaka akavua miwani. Ndipo akasema kilichokuwa kikimsumbua hasa: king'ora cha hatari kikilia, binti atajuaje? Hapo Shangazi hakuleta mzaha. Alikubali kwamba hofu ile ina msingi, akarudi chuoni, akawaganda watu wa idara ya umeme mpaka wakaenda kufunga taa nyekundu inayowaka king'ora kinapolia. Chuo kikagharamia mkalimani kwa wiki za mwanzo, na fundi mkuu akakubali kuwa mlezi wa binti.

Mwezi uliofuata Shangazi alikwenda kumtembelea, akamkuta mkalimani amekaa hana kazi. Kiwanda kizima kilikuwa kimejifunza alama, na mafundi wakisengenyana kutoka kona hadi kona bila kuzima mashine. Binti alihitimu. Leo ni msimamizi wa zamu palepale, na kila mwaka hupokea wanafunzi wetu wawili.

Wengine wengi walisaidiwa kimyakimya: huyu posho ya nauli, yule koti la maabara, mwingine mtu wa kumsikiliza tu. Kila alipowatembelea, swali lake la kwanza lilikuwa, "Wanakufundisha, au wanakutuma chai?" Aliyejibu "chai" alihamishwa idara kikombe hakijapoa.

Hatusemi ni malaika. Ukibishana naye umejitakia mwenyewe, na chai anayotupikia ofisini ina sukari ya kusimamisha kijiko. Lakini katika miaka yote hiyo hatukumwona akimfungia mlango mwanafunzi, hata yule aliyekuja jioni, Shangazi akiwa ameshashika funguo mkononi.

Sasa amejiandikisha kujifunza kuogelea, kitu alichokitamani tangu utotoni. Mwalimu wake ana umri wa mwanawe wa mwisho. Mumewe, fundi saa, ameahidi kukaa ukingoni na taulo, na ametuhakikishia kwamba hatacheka siku ya kwanza.

Shangazi, asante kwa kututangulia kwenye milango migumu. Maji yakupokee vizuri, miguu iwe myepesi, na mwalimu wako awe na subira kama uliyokuwa nayo kwetu. Jitupe tu, tuko nyuma yako tunapiga makofi.