Bulon Ambayo Papa Benny Hakuiazimisha

Leo siku ya posho, yaani Jumamosi, tarehe 14 Machi 2026, saa nne na robo ya asubuhi, manyunyu ya alfajiri yakiwa yamekatika na wingu likiwa bado limefunika kilele cha volkano ya Nyiragongo, tumekusanyika hapa familia, majirani, wakristo wa jumuiya yetu na mafundi wa garaje za Goma, kumsindikiza muzee Ézéchiel Munyakazi, ambaye wengi wenu mlimwita Papa Benny, na mimi mdogo wake Hilaire nimepewa kuyasoma maisha yake jinsi yalivyofuatana.

Muzee Ézéchiel alizaliwa Jomba, Rutshuru, tarehe 3 Juni 1961, mtoto wa pili wa muzee Niyibizi na mama Mukashyaka, wakulima wa maharagwe, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha akashuka Goma kusomea mekanika, akapata diplôme yake ya serikali Julai 1980.

Tarehe 1 Februari 1981 aliajiriwa kutengeneza malori ya usafirishaji, na mwaka 1995 akafungua garaje yake Murara, ambayo lava iliimeza tarehe 17 Januari 2002 pamoja na vifaa vyote alivyokuwa amenunua kimoja kimoja, hata hivyo Machi ya mwaka uleule alikuwa tayari kazini Katoyi, na kwa kuwa vifaa maalum vya injini vilikuwa ghali kupita injini zenyewe, akaanza kujitengenezea: kopo la maziwa ya unga, lililokatwa na kufungwa kwa mkanda wa chuma, likabana pete za pistoni, mnyororo wa baiskeli ukafungua filtre, chujio la mafuta, na kamba ya nailoni, iliyosokomezwa ndani ya silinda kupitia tundu la buji, plagi ya kuwashia, ikazishikilia valvu zisidondoke wakati wa kubadilisha springi zake.

Vifaa hivyo aliviazimisha bila malipo, kwa sharti kwamba anayeazima akirudishe kifaa pamoja na kingine alichokiiga kwa mikono yake, kikaguliwe, kisha aende nacho kiwe chake, na aliyerudi bila mwigo alisimamishwa mlangoni akiambiwa, "We Papa, ndugu yake iko wapi? Rudia kule umutafute!"

Upande wa familia, tarehe 20 Agosti 1988 alikuwa amefunga ndoa na mama Angèle Kanyere, binti wa Butembo, ambaye hakuacha kumcheka mumewe alivyokisema Kinande, lugha ya kwao, wakajaliwa Benny, Charline na Olive, na wajukuu watano, na Charline akaifuata mekanika hadi chuo kikuu, kisha akarudi garajeni kwa baba yake.

Ukweli unatutaka tuseme pia kwamba kifaa kimoja hakukiazimisha kamwe, nacho ni bulon, yaani bolti, aliyoichonga ncha kwa tupa, ambayo inaingizwa ubavuni mwa injini za dizeli za vile vigari vya mizigo vya njia ya Bunagana, ikausimamisha mhimili wake mahali panapotakiwa wakati wa kubadilisha courroie, ule mkanda wa injini, na ikizidi au kupungua kidogo tu, pistoni zinagonga valvu na injini inakufa, kwa hiyo kila garaje ilimletea yeye magari hayo, na mapato yake yakawasomesha watoto.

Mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipovurugika, garaje ilivunjwa na kuachwa kuta tupu, lakini mnamo Machi mafundi walianza kufika na miigo yao, kila mmoja akitoa kifaa chake ili marehemu aanze upya, vikarudi vyote isipokuwa bulon ile, na mama Angèle akamwambia mbele yetu, "Papa Benny, ile uliyoificha, njo iko peke yake yenye kukosa ndugu," naye akacheka mpaka akakohoa.

Agosti 2025 alipatikana na ugonjwa wa figo, na tangu hapo hofu yake ilikuwa moja, kwamba angekufa kabla bulon ile haijazaliwa tena, maana hakuwahi kuipima, aliijua kwa vidole tu, hivyo Charline akawa anachonga, anaipeleka hospitali, baba anaipapasa kitandani na kuikataa, mara tatu, hadi tarehe 22 Februari mwaka huu, ile ya nne ilipojaribiwa kwenye gari, naye akawekewa simu sikioni asikilize injini, akasema, "Sasa iko inapumua. Mupatie watu."

Alituacha kwa utulivu tarehe 10 Machi, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama Angèle.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Katoyi waliokesha nasi, padri na jumuiya, na ninyi mafundi mlioijaza upya garaje, ambayo Charline ataifungua Jumatatu.

Pumzika, kaka, na amani ya Bwana ikutunze. Wosia wake wa mwisho ni kwamba kipimo cha bulon ile ya nne, alichokichukua Charline, kisomwe kaburini, kila fundi ajichongee ya kwake, basi andikeni: bulon ya unene wa milimita kumi, urefu kutoka chini ya kichwa hadi ncha, milimita sitini na tatu nukta nne.