Klorini ya Mama Mkwe

Kwetu katika Jamhuri ya Dominika usafi hupimwa kwa pua, na sakafu isiyonuka klorini ni chafu hata iking'aa. Kwenye basi la kwenda mji wa Baní, dada mmoja alimwambia mama aliyekaa naye, "Tangu nianze kupiga deki kwa siki na maganda ya danzi, mwanangu Yeison hajabanwa na pumu, na matumizi yamepungua. Ila leo mama mkwe anakuja. Nitatia klorini kidogo humohumo kwenye siki, anuse aridhike."

"Usithubutu, binti. Vikichanganyika vinatoa hewa ya kukaba. Utamuua mtoto."

Dada akashika kifua, akashusha pumzi. "Afadhali nimesema." Basi likasimama. Akashuka, akageukia dirishani. "Lakini atanuna wiki nzima."

"Kununa hakuui."

"Humjui huyo," akajibu, huku anacheka.