Walininyima Bima ya Mafuriko, Nikapona

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyie mliokaa mbele, asifiwe na nyie wa nyuma kabisa karibu na mlango, maana huko nyuma ndiko nilikozoea kukaa mie, ili ibada ikiisha nitoke bila kusalimiana na mtu. Leo nimesimama hapa mbele, na nitasema.

Kwa wasionifahamu, jina langu ni Ambakisye, ila wengi huku Mbagala mnaniita Baba Neema. Kwetu ni Tukuyu. Nililetwa Dar na kazi ya kiwanda cha uchapaji, nikaendesha mashine mpaka nikastaafu. Nilikuwa na mke, Tumpe. Tulipanga vyumba hapa hapa Temeke miaka mingi, tukamlea binti yetu mmoja, Neema, na Mungu alipotujalia tukanunua kiwanja Boko, kule kaskazini mwa jiji, bondeni, si mbali na bahari.

Kile kiwanja tulikiona wakati wa kiangazi. Nyasi za Dar nzima zilikuwa zimekauka, lakini pale zilikuwa mbichi, na matete yamesimama kijani kibichi. Tumpe akachuma jani, akalivunja kwa vidole, akacheka. "Baba Neema, hapa mchicha utaota wenyewe." Tukamshukuru Mungu kwa ule ubichi. Hatukujiuliza unakunywa maji ya wapi.

Tulikaa vizuri. Mchicha ukaota kweli. Lakini watu wakaongezeka, kila mtu akajenga, kila mtu akamwaga kifusi kwake na kuzungusha ukuta, na maji yakakosa pa kupita. Masika moja maji yakaingia uani, yakatoka. Masika nyingine yakafika kizingitini.

Tumpe hakuyaona yakiingia ndani. Shinikizo la damu lilimchukua kabla. Tulimsafirisha, tukamzika nyumbani Tukuyu, Neema akarudi Mwanza kwa mumewe, na mie nikarudi Boko peke yangu.

Ndugu zangu, mkisikia mafuriko mnafikiria maji ya kishindo, yanayobeba magari. Ya kwetu hayakuwa hivyo. Yalipanda kimya kimya kutoka chini, sakafu ikaanza kutoa unyevu kama mtu anayetoka jasho, halafu yakatuama. Mvua inakatika, jua linawaka, watu wa mjini wanafua na kuanika, na kwetu maji yako pale pale, yana rangi ya chai, yameota ukoga. Perege waliogelea sebuleni kwangu. Nisingesimulia haya kanisani kama si kweli.

Majirani wakaanza kuondoka. Anayeondoka anang'oa milango, anang'oa madirisha, anashusha mabati, maana atayahitaji aendako. Kuta zikabaki zimesimama majini, wazi, hazina macho. Wa mwisho kuondoka alikuwa Mama Swalehe, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mzaramo wa watu, Mwislamu mcha Mungu. Tangu Tumpe afariki, Ramadhani haikupita bila sahani ya futari kuvuka ukuta kuja kwangu. Siku anahama alisimama barazani kwangu, gauni amelikunja mpaka magotini.

"Baba Neema, twende. Kijana wangu amepata nyumba Mbagala, juu, kukavu. Hata wewe utapata chumba jirani."

"Mie nabaki, mama. Bwana atayarudisha haya maji."

Akaniuliza, "Unamngoja Mungu, au unamngoja Mama Neema?"

Aliondoka. Nilisimama dirishani nikawatazama wakibeba godoro kichwani mpaka walipopinda kona.

Alikuwa amesema kweli. Kaburi la Tumpe liko Tukuyu, lakini sauti yake ilibaki Boko. Nikiingia jikoni nilikuwa namsikia. Msinielewe vibaya, siongelei mizimu! Naongelea mazoea. Mtu aliyekwambia kwa miaka yote "funga hilo kabati", ukiligusa lile kabati unamsikia. Niliona nikihama nitamzika mara ya pili.

Basi nikabaki. Nikainua kitanda kwa matofali, jiko likapanda juu ya meza. Nilishinda siku nzima sijatamka neno. Nilianza kuwasalimia vyura, mtanisamehe. Wazee wa kanisa la kule walikuja mwanzoni, wakasimama ukingoni mwa maji wakaniombea kwa mbali, mie nikaitikia amina nikiwa mlangoni kwangu. Baadaye njia ikazama kabisa, wakaacha kuja. Siwalaumu. Nilipokwenda ibadani nilifika na suruali imelowa mpaka mapajani, nikaona haya, nikawa nakaa nyuma. Halafu nikawa siendi.

Neema alinipigia simu kila Jumapili akilia. Siku moja akasema, "Baba, kama umekataa kuhama, basi hata bima ukate. Siku hizi kuna bima ya mafuriko."

Mie nilikuwa najua bima ya gari na bima ya afya. Tena nilishawahi kusikia watu wakisema kwamba mwamini anayekata bima anamwalika shetani. Lakini lile neno la Neema lilinifurahisha! Na nitawaambia kwa nini lilinifurahisha: niliona nimepata kibali cha kubaki. Nyumba ikidondoka, watanilipa, na mie nitajenga tena pale pale.

Nikaenda kwenye ofisi moja ya bima huko Kinondoni. Alinipokea binti mmoja aitwaye Zuhura, mpole, mwenye heshima. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema kabla ya yote lazima aje aione nyumba, akanipangia siku.

Ndugu zangu, nilirudi nyumbani kama mtu anayeoa! Mgeni anakuja! Mtu atabisha hodi kwangu! Sikuwa nafikiria bima tena. Nikanunua soda na biskuti. Nikaweka kiti kizuri juu ya matofali ili mgeni asilowe miguu. Asubuhi ya siku moja kabla ya ugeni nikakumbuka mapazia ya Tumpe, yale ya maua, yaliyokuwa yamekunjwa juu ya kabati. Nikasema, leo nitayatundika. Nikapanda kwenye stuli, na stuli ile miguu yake ilikuwa imeshaoza kwa maji.

Nilisikia mfupa ukilia kabla sijasikia maumivu. Simu ilikuwa mfukoni mwa shati, ikazama. Nikajiburuta kwa mikono ndani ya yale maji mpaka kwenye meza, nikajivuta juu, nikalala pale, mguu umegeuka upande usio wake.

Nikaita. Nikaita majina ya majirani wote, hata wa zamani, huku nikijua hawapo. Kila nilipopaza sauti vyura walinyamaza kidogo, halafu wakaendelea. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi nilivyokuwa peke yangu. Na nitawaambia jambo ambalo sikumwambia hata Neema. Nilimwita Tumpe. Nilimwita kwa sauti, nikasikiliza. Nyumba ilikuwa kimya. Hakukuwa na mtu humo ndani, ndugu zangu. Hakuwahi kuwamo. Nilikuwa nalinda nyumba tupu.

Nikasema, "Bwana, sikuombi tena uyarudishe maji. Nitoe mimi."

Kesho yake, jua likiwa limeshapanda, nikasikia mtu anavuka maji. "Hodi! Hodi wenyewe!" Alikuwa Zuhura, mabuti ya mpira miguuni, amekuja kukagua nyumba kama alivyoahidi. Aliponiona pale mezani alishika kichwa. "Ya Rabi! Baba!" Akapiga simu, akatoka mbio kutafuta watu barabarani, akarudi na wanaume ambao sikuwajua. Wakang'oa ubao wa kitanda, wakanilaza, wakanibeba mabegani kuvuka maji. Zuhura alitembea pembeni ameshika mkono wangu, analia, mtu ambaye hanijui!

Haleluya? Subirini, bado.

Nikalazwa. Mguu ukawekwa vyuma. Siku Zuhura alipokuja kunijulia hali, mie, pamoja na yote yale, nikamuuliza, "Mwanangu, na bima yangu je?"

Akavuta kiti. "Baba, nisamehe. Ile nyumba hatuwezi kuichukua."

Nikakasirika. "Si mnasema mna bima ya mafuriko? Mie ndiye mwenye mafuriko! Mnamkatia nani sasa, mtu wa mlimani?"

Akaniuliza, "Baba, kwenu mna chama cha kuzikana?"

"Tunacho."

"Watu wengi wanachanga, anayefiwa anasaidiwa, si ndiyo? Bima ni hivyo hivyo. Lakini mtu akija kujiandikisha chamani wakati maiti tayari iko sebuleni kwake, mtafanyaje?"

Nikautazama mguu wangu wenye vyuma, naye akaendelea.

"Bima ni ya jambo linaloweza kutokea au lisitokee. Kwako maji si jambo linaloweza kutokea. Yanatokea kila masika. Hakuna kampuni itakayokuchukua, baba, na atakayekuchukua atakudanganya. Hata tungekulipa, ungerudi pale pale. Mie ningekuwa binti yako ningekwambia uhame."

Aliondoka, nami nikageukia ukutani nikalia, nimejifunika shuka ili wagonjwa wenzangu wasinione. Kwa maana nilikuwa nimewasikia wote na kuwapuuza. Neema nilimwona ana hofu ya kike. Mama Swalehe nilimwona hana imani. Lakini huyu binti kazi yake ni kuandikisha watu, na riziki yake iko humo, na bado amenikataa! Nikajua, Bwana ndiye aliyekuwa anasema nami. Niliomba ishara miaka yote, na ishara ikaja kwa kunyimwa.

Mama Swalehe ndiye aliyenitafutia vyumba huku Mbagala. Ila safari hii sikukubali kwa kuona nyasi tu! Nilimwomba asubiri mvua inyeshe, nikaja na magongo yangu mvua ikimwagika. Nikatazama maji yanaelekea wapi. Nikatazama kuta, kama zina ule mstari wa uchafu unaobaki maji yakishuka. Nikawauliza wapangaji wa siku nyingi, si mwenye nyumba, maana mwenye nyumba anataka mpangaji. Bibi mmoja akaniambia, "Huku maji yanapita tu, hayalali." Nikahamia.

Na bima nimekata, ndugu zangu! Ya vitu vyangu vya ndani tu, kitanda, friji, cherehani ya marehemu. Zuhura alinieleza kwamba bima nyingi za nyumba ni za moto na wizi, mafuriko hayamo mpaka uyaulizie na yaandikwe. Nikauliza. Nikamwambia anisomee pale palipoandikwa, nikamwambia arudie. Nikauliza kuna jambo gani ambalo hawalipi, akaniambia. Usione haya kuuliza! Wala usimsikilize anayekwambia ni kukosa imani. Sisi tumefundishwa kubebeana mizigo, na watu wengi kuchangia mzigo wa mmoja, nionyesheni dhambi iko wapi.

Sitawadanganya kwamba upweke umeisha. Huku Tumpe simsikii kabisa. Nikifungua kabati ni kabati tu. Kuna jioni nakaa barazani, watoto wa watu wanapita, muziki wa singeli unatoka kila upande, na mie niko peke yangu kama nilivyokuwa. Lakini sasa ni upweke wenye majirani. Nikikohoa mtu anauliza, "Vipi mzee, uko salama?" Msiione ndogo hiyo. Mie nilishalala mezani nikiita, nikajibiwa na vyura. Nyie hamjui neno "vipi mzee" lina utamu gani!

Namshukuru Mungu aliyenitoa. Namshukuru kwa ajili ya Zuhura, na kwa ajili ya wale wanaume ambao mpaka leo sijui jina la hata mmoja wao. Namshukuru kwa Mama Swalehe, ambaye leo yuko kwake anapika, na amesema nikitoka hapa nisipite bila kula.

Najua hatukosi hapa mtu ambaye maji yanaingia kwake. Anakaa Jangwani, au Kigogo, au huku huku kwetu kando ya mto. Kila masika anasema hii ndiyo ya mwisho. Amemzika mtu, au amejenga kwa jasho la maisha yote, na hawezi kuondoka. Ndugu yangu, sitakwambia huna imani. Nakwambia mwamini Mungu mpaka umruhusu akuhamishe. Na kama unauliza utahamia wapi, mie nimepanga vyumba viwili, na ninalala katika kimoja. Hicho kingine nimekifagia leo asubuhi.