Ataa Amartei Anastaafu Ngoma Zikiwa Zimelala

Wapendwa wote mliopitia shule yetu ya ngoma hapa Osu, nawasalimu kwa jina la Bwana. Hamjambo huko mliko? Na magoti yenu, bado yanakunjika? Sisi wazima, tunamshukuru Mungu.

Tarehe 27 Mei, Ataa Amartei Kotey anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kutufundisha kucheza na kupiga ngoma. Mkuu wa shule amenipa mimi, Awo Dedei wa jikoni, kazi ya kuandika habari zake, kwa sababu anasema hakuna aliyemlisha zaidi kuliko mimi. Ni kweli.

Ataa alikuja hapa kijana mwembamba, amebeba gome kichwani, ile ngoma ya sanduku ambayo mpigaji huikalia. Kabla yake wasichana hawakuruhusiwa kuikalia. Yeye akamwita Korley, aliyekuwa mdogo kuliko wasichana wote, akamwambia, "Kaa. Ikikuuma, simama." Haikumuuma. Leo Korley ndiye anayemrithi.

Hakuwa na adabu ya vyeo darasani. Kuna mheshimiwa mmoja alitaka kujifunza kucheza kpanlogo mbele ya wapiga picha, akawa amekakamaa kama mlango. Ataa akamwambia, "Mheshimiwa, kiuno hakina itifaki. Kiachie!" Hata mimi sikupona. Siku moja natwanga fufu ya muhogo, akachungulia dirishani: "Awo Dedei, mchi wako unakimbia. Nani anakufukuza?" Nikamjibu, "Njaa yako!" Lakini nikapunguza mwendo, na tangu hapo fufu yangu haina madonge.

Mnajua desturi yetu. Anayestaafu hutolewa kwa ngoma tangu ukumbini hadi getini, na aliyewatoa wote ni Ataa. Mlinzi alimtoa, mhasibu alimtoa, wakuu wawili aliwatoa wakicheka na kulia. Sasa zamu yake imeangukia mwezi ambao makuhani wa jadi wameshapanda mawele, na mji mzima hauruhusiwi kupiga ngoma mpaka yachipue, ardhi ipate utulivu. Hata kanisani tunaimba kwa sauti zetu tu, bila makofi.

Mkuu akasema, "Ataa, tusogeze mbele hadi ngoma zifunguliwe."

"Mkuu, siku yangu ni siku yangu. Mawele hayakuniuliza, nami siyaulizi."

Korley akasema tufunike ngoma kwa blanketi, tupige taratibu chumbani. Ataa akamtazama. "Korley mwanangu, na ardhi utaifunika kwa blanketi gani?" Kisha akasema lililokuwa moyoni. "Miaka yote hii mnacheza nikipiga. Sijui kama mmejifunza au mnanifuata tu. Nitoeni bila ngoma. Siku hiyo nitajua."

Basi Jumatatu wanafunzi wakaanza mazoezi kwenye mchanga nyuma ya jiko. Hakuna ngoma, hakuna kofi. Ndugu zangu! Walipofika pa kugeuka, nusu walikwenda kushoto, nusu kulia, na Korley akaketi ndani ya beseni langu la pilipili. Ataa alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini mchana nilipompelekea chakula, aliisukuma sahani. "Awo," akaniambia, "huenda nilikuwa nafundisha ngozi ya mbuzi, si watu." Miaka yote sijawahi kuona sahani yake ikirudi imejaa. Nilikwenda stoo nikamwomba Mungu, maana niliona huyu mzee ataondoka kwetu akidhani hakuacha kitu.

Jumanne Korley aliwakataza kuhesabu vichwani. "Mnahesabu kama wauza samaki! Simameni bega kwa bega, fumbeni macho, msikie wenzenu wanavyovuta pumzi." Wakasimama hivyo muda mrefu, hata nikadhani wamesinzia. Kisha akainua goti, na wote wakainua. Pa kugeuka, waligeuka kama shati moja linalopeperushwa kwenye kamba. Nilikuwa namenya ndizi. Kisu kikasimama chenyewe.

Nikageuka. Ataa alikuwa nyuma ya mlango wa jiko, amekaa juu ya gunia la mahindi. Kisigino chake kilikuwa kinapanda na kushuka bila kugusa sakafu, hakuvunja marufuku hata kidogo, na machozi yalikuwa yanashuka mpaka kidevuni. Walipomaliza, akajifuta kwa nguo yake, akasema, "Korley amechelewa kidogo kushusha mkono." Kisha akasema, "Awo, leta kenkey. Na samaki awe mkubwa kuliko wa jana."

Ataa, asante kwa kutufundisha kutembea, hata sisi tuliodhani tunajua. Mungu akupe usingizi mzuri, magoti yasiyonung'unika, na wajukuu wasumbufu wa kukufurahisha.

Nanyi mliosoma hapa, njooni asubuhi ya tarehe 27. Mje pekupeku, maana viatu vina kelele, na msimame kwenye mstari pamoja na wenzenu, hatua hamjazisahau. Unga wa mahindi wa kenkey lazima uchachuke siku kadhaa kabla ya kupikwa. Kwa hiyo naomba kila atakayekuja anijibu upesi.