Madam Zarin na Ukanda wa Pili

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Madam Zarin Bandali atatimiza miaka thelathini na nne katika Idara ya Uhandisi wa Elektroniki ya chuo chetu hapa Tegeta, na siku hiyohiyo atastaafu. Tumembembeleza abaki hata muhula mmoja. Amejibu kwamba hata betri nzuri huandikwa tarehe ya mwisho. Basi tumenyoosha mikono, na kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika ukurasa huu, bila kujua kwamba nina jambo langu la kusema.

Madam alizaliwa Temeke, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya duka la baba yake, mzee Alireza, fundi redio. Husema alishika bisibisi kabla ya kalamu, nasi tuliowahi kumwona akifungua mtambo tunamwamini. Alipoajiriwa mwaka 1991 alikuta osiloskopu tatu, vile vifaa vinavyochora umeme kwenye kioo, na mbili kati ya hizo zilikuwa zimekufa. Alizifufua ndani ya wiki moja akisaidiana na fundi wa maabara, Ansbert, ambaye wakati huo alikuwa bado na nywele. Leo zipo ishirini na nne. Ufunguo wa maabara bado anao Ansbert, na hamwachii mtu.

Kwa miaka yote hiyo Madam amefundisha Ishara na Mifumo, somo linaloeleza kinachoipata sauti, picha au mapigo ya moyo yanapopita ndani ya mtambo. Ni somo gumu, na wanafunzi wa mwaka wa pili huliogopa kuliko foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Yeye halianzi ubaoni. Huwapeleka wanafunzi kwenye simtangi kavu, lile tangi kubwa la maji nyuma ya karakana, anawaingiza mmoja mmoja, na kila mmoja anapiga kofi moja tu na kusikiliza. Ukishajua simtangi limejibuje kofi moja, husema, unaweza kukokotoa litakavyojibu wimbo mzima. Jirani mmoja aliyesikia makofi na kuona msururu wa vijana alikuja getini kuulizia ibada inaanza saa ngapi. Madam alimkaribisha, naye akapiga kofi lake.

Kisha yanakuja makaratasi ya manila. Unakata kanda mbili. Kwenye ukanda wa kwanza unaandika namba za ishara, kwenye wa pili namba za mtambo. Ukanda wa pili lazima uugeuze, namba ya mwisho iwe ya kwanza, ndipo uusogeze hatua kwa hatua chini ya mwenzake huku ukizidisha na kujumlisha. Kugeuza ndiko kunakotuangusha. Kila mwaka nusu ya darasa husahau, na kila mwaka Madam huwafundisha upya waliopata sapu, yaani mtihani wa marudio, siku za Jumamosi, kwa chai ya maziwa na kachori anazopika mwenyewe kwake Mbezi Beach. Waliofaulu hawapewi. Wapo waliolalamika kwamba kufaulu hakuna faida.

Wanafunzi wake wametapakaa. Wapo kwenye minara ya simu, wapo kwenye vituo vya redio, na wawili walitengeneza hapahapa chujio la kuondoa mngurumo wa umeme kwenye mashine ya kupima moyo. Siku mchoro ulipotulia kwenye kioo, Madam alitoka nje kufuta miwani. Haikuwa na vumbi.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Mwaka 2009 nilikuwa mwanafunzi wake, na somo hili nilikuwa nimelibeba kutoka mwaka uliotangulia. Nikianguka tena ningedisko, yaani ningeondolewa chuoni, na kurudi Tukuyu, ambako baba alishatangazia kanisa zima kwamba binti yake ni injinia. Nilipata arobaini na tatu. Kufaulu ni arobaini. Nililia kwa furaha kwenye ubao wa matokeo mpaka mlinzi akadhani nimefiwa.

Wiki iliyofuata Madam aliingia darasani, akaandika ubaoni namba tatu: 1, 2, 1. Zilikuwa namba za mtambo katika swali la nne. Akatuomba tuzigeuze. Tukazigeuza, na zikabaki vilevile, 1, 2, 1. Hapo ndipo tulipoelewa. Katika swali lile, aliyegeuza na aliyesahau walipata jibu moja, na darasa zima lilikuwa limepata. Mimi sikugeuza. Bila swali la nne nilikuwa nimeanguka.

Angeweza kukaa kimya, maana hakuna aliyekuwa amegundua. Badala yake alituambia: "Kosa ni langu. Nimewauliza swali lisilouliza kitu." Alikuwa ameshaiomba idara alama zibaki, kwa kuwa mwanafunzi haadhibiwi kwa kosa la mtunzi. Akaongeza kwamba kila mtu anajijua, na kwamba Jumamosi atakuwa maabara.

Sikwenda. Jumamosi ile nilifua nguo zote, hata zilizo safi. Ya pili nayo nikajifanya naumwa. Niliogopa kwamba nikikiri atanifutia alama. Ansbert alinieleza baadaye kwamba Jumamosi zote mbili walikaa wawili tu, wakila kachori.

Ya tatu nilikwenda. Nilimwamkia, nikamwambia sikugeuza. Madam alinisogezea mkasi na manila. "Alama umeshachukua," akasema. "Sasa chukua somo." Nilikata, nikageuza, nikasogeza, mpaka saa nane mchana. Jumamosi iliyofuata walikuja wengine tisa. Siku ile ya mkasi na manila niliamua nitakuwa mwalimu, na mpaka leo sijawahi kumwambia. Madam, leo nakwambia, na nakushukuru.

Muhula huu nimekabidhiwa somo lake, na wiki mbili zilizopita nilitunga mtihani wangu wa kwanza. Nilimpelekea aupitie nikiwa na kiburi kidogo. Uliporudi ulikuwa safi, isipokuwa swali la tatu lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu. Namba zangu za mtambo zilikuwa 2, 5, 2. Pembeni alikuwa ameandika maneno mawili: "Sekela, geuza."

Nilicheka peke yangu ofisini mpaka Ansbert akaja kuchungulia.

Madam Zarin, asante kwa miaka thelathini na nne, kwa osiloskopu, kwa simtangi, na kwa Jumamosi mbili ulizosubiri mtu asiyekuja. Mungu akupe afya na usingizi wa asubuhi usiokatizwa na foleni. Tunakuombea maisha marefu yenye raha, na Jumamosi yoyote ukipita Tegeta, Ansbert atakufungulia mlango. Chai ipo, kachori tutajitahidi.

Na swali la tatu nimeshalibadilisha.

Sekela Mwaisumo
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Idara